Ghala la Joto la Chiswila

Saa tatu na nusu asubuhi sindano ya ghala ilikuwa imefika tisini na saba. Nilikigonga kioo chake kwa kucha mara tatu, nikitumaini imekwama. Haikuwa imekwama. Kwa uzoefu wangu, sindano zinazokwama ni zile zenye habari njema tu.

Mimi ni mlinzi wa ghala. Watu wa mjini wakisikia hivyo hudhani nalala juu ya magunia ya mtama na rungu mkononi. Ghala langu halina hata punje moja. Limejaa joto. Kila jua linapozama, minara mia moja na kumi na miwili iliyosimama katikati ya mizabibu huanza kunyonya joto la hewa na la udongo. Mabomba hulipeleka chini ya Mlima Chiswila, na jiwe la mlima, lile jiwe kubwa la kijivu ambalo mababu zetu walilikalia tu wakichunga, hulimeza. Asubuhi bonde letu huamka na umande. Majirani zetu nje ya bonde huamka na jasho.

Bila hivyo hakuna mvinyo wa Chiswila. Mzabibu una tabia za mtoto wa mwisho, unataka kila kitu. Mchana unataka jua la kuchoma, maana jua ndilo linaloweka sukari. Usiku unataka baridi, maana baridi ndiyo inayoulinda ule ukali, na zabibu ikipoteza ukali unabaki na maji ya sukari ya kumpa mgonjwa. Halafu unataka udongo fukara. Wetu ni mwekundu, wa kichanga, fukara kiasi kwamba hata magugu hufikiri mara mbili kabla ya kuota. Mizizi haipati kitu juu, inashuka mita tano, sita, na huko chini inakookota riziki ndiko ladha yetu inakotoka. Baba mkwe wangu, aliyezaliwa mwaka elfu mbili na thelathini, alipewa hayo yote bure. Anakumbuka akilala na blanketi mbili mwezi wa saba. Mimi nimezaliwa nikakuta shuka moja ni mzigo.

Redio ya ukutani ikakohoa.

"Fundi Nyemo, kwema huko?" Alikuwa Mwenyekiti Chilongani wa ushirika wa wakulima, mwanamume mwenye sauti ya mhubiri na subira ya mbuzi.

"Shikamoo Mwenyekiti. Tisini na saba."

"Marahaba. Jana jioni si uliniambia tisini na tatu?"

"Usiku wa jana ulikuwa mbaya. Na joto lake bado liko njiani, linateremka mabombani. Saa kumi jioni tutafika mia."

"Na mia maana yake nini? Niambie kama unavyomwambia mtu asiyesoma."

"Jiwe linapasuka. Likipasuka hatuna ghala tena, na nyumba zilizo chini ya mlima sijui zitakuwaje."

Nilisikia mikasi ikigongana nyuma yake, watu wakiipangusa na kuitia mafuta. Mavuno yalikuwa yamebakiza siku nne.

"Basi fungua Mlango wa Korongo," akasema.

Ghala lina milango miwili. Mlango wa Mashamba unarudisha joto bondeni, chini ya mizabibu. Tunaufungua kidogo kidogo mara mbili kwa mwaka, tukishapogolea, ili udongo uchangamke na macho ya mzabibu yaamke. Ndiyo maana sisi tunavuna mara mbili wakati wengine wanavuna mara moja na kutusengenya. Mlango wa Korongo ulijengwa kwa dharura. Unatema joto kusini, kilomita kumi na nne kutoka hapa, ndani ya korongo kavu. Tangu ujengwe haujawahi kufunguliwa, na gurudumu lake nililitia mafuta kila mwezi ili tu lisishike kutu.

"Mwenyekiti, tungetafakari kwanza."

"Tutafakari nini? Mlango wa Mashamba siufikirii, na wewe usiufikirie. Ghala likiwa limejaa hivi, zabibu zitaivia mtini kama maharage. Kaya mia sita, Fundi. Ramani inasemaje kuhusu korongo?"

Nikakigonga tena kioo cha sindano.

"Ninayo mbele yangu. Hakuna makazi, hakuna kisima. Na sahihi ni yako."

*

Sahihi ilikuwa yangu, na ramani ilikuwa ya uongo.

Nilizaliwa Mdunghu, kijiji kilicho nyuma ya kilima kando ya korongo hilohilo. Kwetu, korongo likikauka mwezi wa sita, kila ukoo unachimba mchangani pale unapopajua wenyewe, unayafuata maji hadi mtu anazama mzimamzima ndani ya shimo. Wakishateka, wanaweka miti na ngozi juu ya mdomo wa shimo, wanarudishia mchanga, kisha wanapitisha mbuzi. Ukipita hapo baada ya dakika kumi, utaapa hajawahi kupita hata sungura. Si uchoyo. Miaka ya njaa ilitufundisha kwamba kisima kilichoonwa na mgeni kimekwisha: wanakuja kwanza na ng'ombe, kisha na pampu, kisha na kibao chenye jina la mtu mwingine.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilirudi kwetu na wapimaji wawili kutoka mjini. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya na kofia ya njano, nikijiona sana. Shangazi yangu Mbeleje alikuwa ameketi katikati ya korongo, kanga ameitandaza, akimenya karanga. Mpimaji mmoja akamuuliza kama hapo pana maji.

"Maji?" akasema shangazi, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kama ana ndege ya abiria. "Mwanangu, sisi tunaomba mvua kama ninyi."

Alikuwa amekalia kisima. Maji yake niliyanywa asubuhi ile, bado yalikuwa yananipoza tumbo. Mpimaji akanigeukia mimi mwenyeji, na mimi nikaandika: hakuna. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Nilijisikia fahari, nasema kweli, kwamba elimu haikunigeuza kuwa mbea.

Mwaka uliofuata walitafuta pa kutolea joto la dharura, wakachagua mahali ambapo ramani ilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijiambia mlango wenyewe hautafunguliwa kamwe. Uongo wa kwanza ulikuwa na heshima yake. Huu wa pili ulikuwa wa uvivu na woga, na ndio uliokuwa umekuja kunidai.

Nilirusha droni. Ilipaa juu ya korongo lote, ikanirudishia picha ya mchanga mweupe na nyayo za mbuzi. Chini ya picha ikaandika: watu, sifuri. Droni haioni mtu aliye shimoni chini ya ngozi ya ng'ombe. Nikampigia shangazi. Simu ikaita mpaka ikachoka, kwa sababu simu ya shangazi hukaa imening'inia kwenye mwimo wa mlango, na yeye hukaa penye kazi.

Nikachukua pikipiki yangu, si gari la ushirika. Ilikuwa saa tano.

*

Nilimkuta shimoni. Kilichoonekana ni kitambaa cha kichwa na mikono miwili inayoinua ndoo. Wake wawili wa wanawe walikuwa juu, wakipokea na kumimina kwenye mapipa yaliyofungwa juu ya punda.

"Toka humo, shangazi."

"Mbukwa," akasema kutoka chini, bila kuinua uso. "Au siku hizi huko bondeni hamsalimiani?"

"Mbukwa, shangazi. Samahani. Toka."

Alitoka polepole, akiweka miguu kwenye vidato vilivyochongwa ukutani. Ana miaka sabini na miwili na magoti yanalia, lakini kumsaidia ni kumtukana. Nikamweleza palepale, wale wakwe wakisikiliza. Nikamwonyesha mdomo wa bomba uliochungulia kwenye ukingo wa mawe, mita mia mbili upande wa juu wa korongo, ambao wao walikuwa wameuzoea wakaanika nguo juu yake.

"Saa kumi joto litatoka pale. Litapita chini ya mchanga, juu ya mwamba."

"Maji ndiko yanakopita."

"Ndiyo."

"Basi saa tisa tutaondoka, litapita, tutarudi."

"Ninyi mtaondoka, shangazi. Maji hayana miguu. Yatachemka, yapande kuwa mvuke. Na mwamba ukishashika joto lile unakaa nalo miaka. Mitatu. Pengine minne."

Mkwe mdogo akaiweka ndoo chini. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliozoea ukame hawapigi kelele mapema, wanazitunza nguvu.

"Kwa hiyo nitasema," nikaendelea haraka. "Nitamwambia Mwenyekiti kuna kisima, ramani ilikosewa. Akijua hawezi kufungua. Si mtu mbaya."

Shangazi akaketi juu ya kifusi cha mchanga mbichi, akakung'uta mikono.

"Mwaka jana mlichimba visima vingapi huko bondeni?"

"Vinne."

"Mkapata nini?"

"Chumvi."

"Na sheria yenu inasemaje kuhusu maji yakishaandikwa kwenye ramani?"

Alijua jibu. Alitaka nilitamke mimi. "Yanakuwa ya mradi wa mizabibu," nikasema.

"Haya. Mwenyekiti wako si mtu mbaya, nimekubali. Atakuja hapa atuombe radhi, atachinja hata mbuzi. Mwezi ujao ataleta pampu. Mizabibu itakunywa, sisi tutawekewa bomba moja lenye foleni na kufuli, na mwanamke wa hapa ataamka usiku kumwomba funguo kijana asiyemjua." Akanitazama moja kwa moja. "Moto utaua kisima miaka minne. Pampu itakiua moja kwa moja. Kama ni hayo mawili tu, Nyemo, kafungue moto wako. Sisi tutahangaika, si mara ya kwanza. Ila usikitaje. Uliapa, kama kila mtoto wa Mdunghu."

"Shangazi, kaya thelathini na moja mtakunywa nini miaka minne?"

"Ndiyo maana sitaki unicheleweshe," akasema, akainuka kurudi shimoni. "Nataka vyombo vyote vijae kabla ya saa tisa."

Nilimshika mkono. Sikuweza kumwacha ashuke tena, akachote maji ya kuagana nayo. Nikavua kofia, nikashuka mimi.

Chini mlikuwa na giza na ubaridi, na harufu ya udongo uliolowa ambayo haiko popote pengine mwezi wa nane. Maji yalikuja kwa kujivuta. Kata moja, unasubiri pumzi kumi, kata nyingine. Tope jeupe la chini lilinifika magotini. Nilichota zaidi ya saa mbili, nikifikiri, na kila nilivyofikiri hofu ilizidi. Kaya mia sita zitapoteza msimu mmoja na mizabibu ambayo baadhi yao waliirithi. Kaya thelathini na moja zitapoteza mahali pa kuishi. Niliziweka hesabu hizo upande huu, nikazigeuza upande ule. Hesabu haikunisaidia, kwa sababu kila jibu lilinitaka nifungue mdomo au nifungue mlango wa kusini, na vyote viwili vilinipeleka kwenye kisima hikihiki kikiwa kimekufa.

Palikuwa na jibu moja ambalo halikutaka maneno. Nililiona nikiwa nimeinama na kata mkononi, na nikatamani nisingeliona. Nikamwinulia shangazi ndoo ya mwisho, nikapanda.

"Msiondoke mbali," nikamwambia. "Kaeni ukingoni juu mpaka saa kumi ipite."

"Utafanya nini?"

"Kazi yangu."

*

Nilifika ghalani saa tisa na dakika ishirini. Sindano ilikuwa tisini na tisa. Mwenyekiti alikuwa ndani, amesimama baina ya magurudumu mawili: jekundu la Mashamba, jeupe la Korongo. Mkono wake ulikuwa juu ya jeupe. Halizunguki bila ufunguo wangu, lakini alikuwa amelikamata kama mtu aliyekamata pembe za ng'ombe.

"Umetoka wapi?"

"Kukagua mdomo wa kusini."

"Kuna nini kule?"

"Mchanga."

"Basi fungua, mama. Watu wangu wako shambani wanafunika vishada, wanaamini sisi tupo macho."

Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Sikuuvua. Nilijaribu mara moja, kwa mbali, kama mtu anayeingiza kidole cha mguu majini.

"Mwenyekiti, tuseme kule pangekuwa na watu."

Aliliachia gurudumu mara moja, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. "Wapo? Nyemo, kama wapo sema sasa. Mimi si muuaji. Tutatafuta njia." Kisha nikaona wazo likimfikia. Lilikuja taratibu, likamfungua uso. "Lakini watu hawakai mahali pasipo maji. Kama kule kuna watu, basi kuna maji matamu. Chini ya mchanga ule?"

Macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Yaling'aa kama ya mkulima yeyote anaposikia ngurumo baada ya miezi minane. Shangazi alikuwa sahihi kwa kila neno.

"Hakuna watu," nikasema. "Hakuna kitu. Nilikuwa nauliza tu kwa ajili ya kanuni."

"Ah." Akashusha mabega. "Basi fanya."

"Kanuni hiyohiyo inasema mlinzi awe peke yake mlango ukifunguliwa. Bomba likivuja, afe mmoja."

Alitoka. Huyu mtu alitoka kwa sababu nilimwomba, na mimi nikauteremsha mtarimbo nyuma yake. Kisha nikavuta king'ora cha mashamba.

King'ora kile watoto wa Chiswila wanakijua kabla ya kujua kusoma. Maana yake: Mlango wa Mashamba unafunguliwa, toka bondeni. Kwenye vioo vya kamera nikaona watu wakiinuka baina ya mistari, wakitazamana, kwa sababu si wakati wake. Halafu wakaanza kukimbia kuelekea barabara ya juu. Nje, Mwenyekiti alikuwa anaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Nyemo! Umekosea king'ora! Nyemo, ni jeupe! Jeupe!"

Saa tisa na dakika arobaini na tano. Tisini na tisa na nusu. Mashamba ya mashariki yakawa matupu, ya kati yakawa matupu. Katika shamba namba arobaini na moja kulikuwa na mtu mmoja anayekwenda kinyume. Alikuwa anaburuta magunia yaliyoloweshwa, anayatandaza kwenye mashina. Sikuhitaji kusogeza kamera. Shamba namba arobaini na moja ni letu. Yule alikuwa Ndahani, mume wangu, na yale mashina aliyapanda baba yake.

Nikashika kipaza sauti cha minara. "Baba Yona, toka."

Akainua uso kuutazama mnara. Akarudi kwenye magunia yake.

"Baba Yona, ni mimi. Hayasaidii. Toka, tafadhali, nakuomba."

Kwa miaka kumi ya ndoa sijawahi kumwomba kitu mbele za watu, na sasa sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye minara mia moja na kumi na miwili. Aliganda kidogo, gunia mikononi. Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Mlango nyuma yangu ukaanza kulia kwenye bawaba, walikuwa wamepata chuma. Ndahani akaliachia gunia, akakimbia.

Nilimhesabia hatua mpaka barabarani. Kisha nikatia ufunguo kwenye jekundu na kulizungusha mpaka mwisho.

*

Joto halina sauti. Nilitegemea kishindo, nikapata mabomba yakikoroma tu, na sindano ikishuka. Tisini na nane. Tisini na nne. Themanini na tisa. Kwenye vioo majani ya mizabibu yalilegea yote kwa pamoja, mstari baada ya mstari, kisha ukungu ukatoka ardhini mahali ambapo pana umande asubuhi. Baada ya robo saa harufu ikaingia kwenye tundu za hewa. Bonde zima lilinuka jamu.

Nikautoa mtarimbo mwenyewe.

Walikuwa wengi nje, na wengine walikuwa bado wanapanda mlima. Bibi mmoja wa mashamba ya kati alikuwa ameketi chini, mikono kichwani, anatikisika. Nilitaka kumwendea na nikajua sina haki.

"Kwa nini?" Mwenyekiti akauliza. Sauti ya mhubiri ilikuwa imemwisha. "Nieleze tu. Nataka kuelewa."

"Nilikosea mlango."

"Ulikosea."

"Nilichanganya magurudumu."

"Jekundu na jeupe? Miaka tisa uko humu, uchanganye jekundu na jeupe?"

"Nilikosea," nikasema tena. Nilikuwa fundi bora kuliko wote waliowahi kulinda lile ghala, na nilikuwa najijua. Kutamka neno lile kulinichoma kuliko nilivyodhani. "Niondoeni kazini, nishitakini. Nilikosea."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Hakuwa mjinga. Alikuwa amekaa nje ya mlango ule dakika nyingi akiniambia ni jeupe. Nikamwona anaanza kurudi nyuma kwa mawazo, hatua kwa hatua: nilikuwa wapi mchana, niliuliza nini, kwa nini niliuliza.

Ndahani akapenya katikati ya watu. Mkononi alikuwa na kishada kimoja kilichosinyaa, bado kinatoa mvuke. Alinisogelea akiwa na hasira ya haki, niliiona, na alikuwa amekwisha fungua mdomo. Kisha macho yake yakashuka kwenye suruali yangu.

Sikuwa nimejitazama. Toka magotini hadi viatuni nilikuwa mweupe. Tope lilikuwa limekauka likapasukapasuka. Chiswila yote ni nyekundu, tunazaliwa katika udongo mwekundu na kuzikwa humo, na hapa hakuna mtu asiyejua kusoma udongo. Tope jeupe laini namna ile linapatikana chini ya mchanga, na chini ya mchanga linapatikana penye maji tu. Mwezi wa nane.

Sikuwahi kumwambia. Hata yeye, tukiwa tumelala, sikuwahi. Alijua tu kwamba kwetu ni Mdunghu na kwamba shangazi yangu hajawahi kufa kiu.

Mwenyekiti akaanza kugeuza shingo kufuata alikotazama.

Ndahani akaanguka magotini. Akanikumbatia miguu kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, mbele za watu wote, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani kwa mama yake. Watu wakageuza nyuso kwa aibu na huruma. Mwenyekiti akatazama pembeni. Walidhani analilia mizabibu ya baba yake, na alikuwa anailia kweli, mabega yalimruka. Lakini mikono yake ilikuwa inakomba udongo wa chini na kunipaka, magotini, miundini, viatuni, akisugua na kukomba tena, mpaka nikawa mwekundu kama kila mtu.

Alipoinuka, uso ulikuwa umelowa. Akawageukia watu.

"Mke wangu amekosea mlango," akasema. "Mmesikia. Amekosea."

Ndahani hajulikani kwa uongo. Mwenyekiti alinitazama kutoka usoni hadi miguuni, taratibu, kisha akageuka na kuanza kuteremka kwenda kuona kama kuna cha kuokoa. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Tulibaki wawili mlangoni pa ghala. Sikuthubutu kumshika. Alikisogeza kile kishada mdomoni, akang'ata zabibu moja, akatafuna kwa muda mrefu, akameza.

"Imekuwa tamu tu," akasema.

Akasogea karibu na sikio langu, karibu kabisa, kama mtu anayeogopa hata mawe yasikie.

"Bado yapo?"

"Yapo," nikamwambia.